Lamu kwa mwalimu wa fasihi: mashairi yako wapi?

Swali limetoka kwa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, Morogoro. Mwezi wa Agosti atakuwa Lamu siku tatu na binti yake wa miaka 14. Anaandika kwamba wenzake waliowahi kwenda wamemwambia makumbusho ya pale ni ya kuzunguka dakika arobaini tu, kuna vyombo na vito lakini vitabu na waandishi hamna. Anauliza: je, ni kweli hakuna fasihi ndani ya makumbusho? Siku tatu azipange vipi, na Pate, kisiwa jirani, aiweke humo? Na je, binti, ambaye mashairi hayapendi, hatachoka?

Mwalimu wangu, wenzako wamekueleza walichokiona. Ukiingia Makumbusho ya Lamu kwa matumaini ya kukuta meza ya mshairi, miwani yake na toleo la kwanza la kitabu chake ndani ya kioo, utatoka mapema na moyo mzito. Ushairi wa Kiamu, lahaja ya Lamu, haukukaa mezani. Ulitungwa, ukaandikwa kwa hati ya Kiarabu, ukanakiliwa kwa mkono, kisha ukaishi midomoni mwa watu kwa mahadhi. Kwa hiyo chumba cha fasihi hutakiona, lakini utaona vitu ambavyo mashairi yanavitaja, na utasimama mahali yaliyotajwa yalipotokea. Haya ni makumbusho ya fasihi kwa mtu aliyekwisha kusoma. Kwa asiyesoma ni sahani na viti.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza unaanzia Morogoro, kabla hujafunga begi. Soma tungo mbili, na uzisome kwa sauti. Ya kwanza ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, aliyeitazama Pate iliyoanguka na kuuonya moyo wake kwa magofu yale. Ya pili ni Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, wosia wa mama mgonjwa kwa bintiye. Zipige chapa, uje nazo kwenye karatasi. Simu huishiwa chaji, na karatasi mnaweza kuishika wawili.

Lahaja isikutishe, wala usiikimbilie tafsiri ya Kiswahili sanifu. Kwa siku mbili tu sikio litazoea: nchi ni nti, chini ni tini, macho ni mato, njia ni ndia, njoo ni ndoo, juu ni yuu, moja ni moya. Ukifika Lamu utayasikia maneno haya haya kwa wauza samaki na kwa watoto wanaotoka madrasa, na hapo lugha ya utendi itaacha kuwa ya zamani. Wanafunzi niliowahi kuwaongoza, wengi wao wa bara, walishtuka zaidi na hilo kuliko na kitu chochote kilichowekwa kwenye kioo.

Sasa tuje kwenye mpangilio wenyewe. Wageni wengi huanza na jengo kubwa la makumbusho kwa sababu liko mbele ya bahari na boti zinashusha watu karibu yake. Wewe anza na Nyumba ya Kiswahili, iliyo ndani ya mji, kwenye vichochoro vya upande wa Mkomani. Ni nyumba ya karne ya 18, ndogo, imefanywa makumbusho, na mtu mwenye haraka huimaliza kwa robo saa. Nyinyi ipeni saa nzima.

Mtapita daka la mlangoni lenye baraza zake, mtafika kiwandani, yaani uani, ambako jua linaingia, kisha vyumba vinafuatana kuelekea ndani: msana wa tini, msana wa yuu, na mwisho chumba kiitwacho ndani. Utaona vyumba vyote ni virefu na vyembamba. Mwambie binti yako atazame dari. Zile ni boriti za mikoko, na boriti haibebi dari ya mawe na chokaa kwa upana unaozidi mita tatu hivi. Mti wa mkoko ndio uliopima chumba. Kila hatua mwanga unapungua, na kuta nyeupe za chokaa zinabeba ule uliobaki na kuusukuma mbele.

Huko ndani ndiko kwenye zidaka. Ukuta mzima umejaa visanduku vya plasta vilivyochongwa safu juu ya safu, kila kimoja na tao lake dogo na nakshi za ncha ya kisu. Simama karibu bila kugusa. Utaona matao hayalingani sawasawa, maana hakuna kalibu hapa. Kuna mkono wa fundi aliyewahi chokaa kabla haijakauka. Humo ndimo zilimopangwa sahani za kaure zilizovuka bahari kutoka China na kwingineko. Nyumba yenye zidaka vile ilikuwa ikisema kwamba mwenyewe ana jahazi, ana biashara, ana jina.

Basi hapo toa karatasi ya Inkishafi, utafute ubeti unaotaja madaka ya nyumba. Mshairi anasema pale zilipokuwa sahani sasa wamelala makinda ya ndege, na bundi anakoroma katikati ya nyumba. Darasani beti hizi tunazifundisha kama taswira ya uharibifu, tunaandika ubaoni, tunasonga mbele. Ukiwa umesimama mbele ya kidaka chenyewe unaelewa jambo jingine: kipimo. Kidaka kimoja ni saizi ya kiota. Yule mzee hakubuni mfano wa kupendeza, alitazama. Ndege aliona shimo linalomtosha akaingia. (Usichanganye tu maneno: daka la mlangoni ni ukumbi mdogo wa kupokelea wageni, na madaka ya kwenye ubeti ni haya ya ukutani. Nimekuta maelezo ya wanafunzi yanayowapeleka ndege barazani.)

Omba ruhusa ya msimamizi usome beti tano au sita kwa sauti. Sijawahi kumwona anayekataa, na mara nyingine yeye ndiye atakayekusahihisha mahadhi. Hesabu mizani kwa vidole: kila kipande kina mizani 11, na pumzi inakatika baada ya ya sita. Mahali pa kupumua pakikaa sawa, ubeti unajisoma wenyewe.

Mkitoka hapo ndipo mwende kwenye makumbusho makubwa. Ni jengo la mwisho wa karne ya 19 ambalo maofisa wa utawala wa Kiingereza waliwahi kuishi. Mengi humo mtayapita kwa haraka bila hasara. Mambo mawili msiyapite. La kwanza ni siwa, baragumu kubwa za sherehe. Siwa ya Pate ni ya pembe ya ndovu na inapita kimo cha mtu, ya Lamu ni ya shaba. Hupulizwa kwa ubavuni, na zilipigwa kwenye harusi na sherehe za waungwana. Mwalimu anayefundisha kwamba fasihi simulizi ina vifaa vyake ajipatie muda pale. Kabla ya neno la malenga kusikika mjini, kulikuwa na mlio uliowaambia watu neno linakuja.

La pili ni mifano ya vyombo, hasa mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, na tanga lake la mkeka. Hapa utamkumbuka marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa 1927 na kufariki 2017, ambaye katika Sambo ya Kiwandeo aliimba chombo cha Lamu, kazi iliyochapishwa 1979. Kiwandeo ni jina la zamani la Lamu. Nabhany aliona mafundi wanaisha na majina ya viungo vya chombo yanakwenda nao kaburini, akayatia kwenye beti ambako yatakaa. Ndiye pia watu wanayemtaja kuwa aliunda neno runinga. Ninampenda kwa hilo: aliuchukulia ushairi kama ghala, kwa maana nzuri kabisa ya neno, mahali pa kuweka chakula cha mwaka wa njaa.

Ngome iko hatua chache, kwenye uwanja wa Mkunguni, katikati ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Ilianza kujengwa baada ya vita vya Shela (nitavifikia siku ya pili), ikakamilika karibu 1821, na ilitumika kama jela hadi 1984. Pandeni juu muone mapaa ya mji, mshuke. Posta ya Wajerumani, iliyofanya kazi 1888 hadi 1891, ni ya mtu wa historia, na kwa siku tatu zako ningeiacha.

Siku ya pili iwe ya Shela. Tazama kwanza nyakati za maji. Waulize mabaharia gatini, watakujibu kwa vidole bila kuangalia popote. Maji yakiwa yamekupwa mnaweza kwenda kwa miguu ufukweni, kama dakika arobaini na tano, na kurudi kwa boti. Wengi hufuata mchanga na mawimbi, na mchanga wenyewe ni wa kufuatwa: yale machuguu makubwa ya Shela ndiyo yanayohifadhi maji matamu ya visima vya kisiwa kizima. Kuna pia msikiti wa Ijumaa wa 1829 wenye mnara mrefu kama koni, mtauona mkiwa mbali.

Lakini wewe umekwenda kwa ajili ya mashairi, na Shela ni uwanja wa vita vya maneno. Karibu mwaka 1812 jeshi la Pate na la Wamazrui wa Mombasa lilishuka hapa kuja kuichukua Lamu. Likashindwa, na wakati wa kukimbilia vyombo maji yalikuwa yamekupwa. Vyombo vimekaa mchangani, watu hawana pa kwenda. Simama ufukweni saa ya maji kupwa, uone umbali kati ya mchanga mkavu na maji yanayoelea chombo. Huhitaji maelezo zaidi.

Sasa weka juu ya picha hiyo washairi wawili. Mombasa ilikuwa na Muyaka bin Haji, Lamu ilikuwa na Bwana Zahidi Mngumi, na zama hizo miji hii ilitupiana beti kama ilivyotupiana mishale. Beti moja inatoka Mombasa na mafumbo yake, inafika Lamu, inafumbuliwa, inajibiwa kwa bahari ile ile, inarudi na jahazi. Tunapowafundisha watoto kujibizana kwa mashairi tunawapa mada za mbuni na kahawa. Hapa mada ilikuwa nani anatawala pwani. Mengi ya Muyaka tunayo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa alikumbuka na kukusanya, na mmisionari W. E. Taylor akaandika. Bila kumbukumbu ya watu tungebaki na jina tu.

Jioni ya siku hiyo rudini mjini mkae ukutani, pale gatini ambako watu wote hukaa. Ukitaka kujua kama ushairi bado una kazi Lamu, uliza kuhusu kaseti. Katika miaka ya 1970 uchaguzi mmoja wa bunge ulipiganwa hapa kwa mashairi yaliyorekodiwa na kusambazwa kwa kaseti, na wazee wengi bado wana vipande vyake kichwani. Mmoja wa washairi wa kizazi hicho ni Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, anayejulikana zaidi kama Ustadh Mau, aliyezaliwa 1952. Kwa miaka mingi amekuwa mwokaji mikate na imamu wa Msikiti wa Pwani, ulio nyuma ya ngome. Wasiya wa Mabanati wake, unaowaonya wasichana juu ya vishawishi vya wanaume, ni utungo wa kuusoma siku moja na Mwana Kupona. Kati ya tungo hizo mbili kuna zaidi ya miaka mia moja, na zote zinamsemesha msichana. Usiwafuate watu majumbani mwao kama watalii wafuatavyo punda, lakini salamu yenye adabu barazani, ukijitambulisha kuwa mwalimu wa Kiswahili, hufungua mazungumzo ambayo hakuna tiketi inayoyanunua.

Asubuhi ya siku ya tatu tembeeni upande wa Langoni hadi Riyadha, msikiti na chuo alichoanzisha Habib Saleh, mtu wa asili ya Ngazija, mwanzoni mwa karne ya 20. Aliwafundisha watu ambao waungwana wa mji hawakuwaona kuwa wanafunzi, na akaruhusu matari kwenye maulidi, jambo lililomletea upinzani. Miswada ya Riyadha ilipigwa nakala za kidijitali chini ya programu ya British Library, kwa hiyo tafuta picha zake kwenye intaneti kabla ya safari. Ukishaona kurasa zile, pambizo zilizojaa maandishi ya wanafunzi wa zamani, utapita mbele ya jengo kwa heshima nyingine. Kuingia ni suala la kuomba, kuvaa ipasavyo na kutokatisha sala. Kama safari yenu itaangukia mfungo sita, fungeni vyumba mapema sana, maana maulidi ya Lamu hukusanya watu kutoka pwani yote.

Kuhusu Pate, jibu langu ni hapana, si safari hii. Najua inauma, maana ni Pate ya Inkishafi na ni karibu na Siyu, alikoolewa Mwana Kupona kwa Bwana Mataka. Lakini boti hupita mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, na Mkanda hupitika maji yakijaa. Safari yangu ya kwanza nilichelewa mwenyewe asubuhi. Tulifika katikati ya mikoko boti likagusa tope, nahodha akazima injini, tukakaa. Saa zikapita tukitazama kaa wakipanda mizizi. Tulifika Mtangawanda alasiri, na kutoka hapo hadi mji wa Pate bado kuna mwendo mrefu wa miguu. Magofu niliyaona kwa dakika ishirini, giza likiingia. Pate inataka kulala usiku mmoja au miwili, na inataka uulize kwanza hali ya usalama ya siku hizo kwa watu wa huko. Mkiwa na kiu ya magofu, kuna Takwa kisiwani Manda, mji ulioachwa karne ya 17, unaofikika na kurudi siku moja, nako pia kwa kufuata maji.

Mambo ya njiani kwa ufupi. Ukija kwa basi kutoka Mombasa, tenga siku nzima hadi Mokowe, kisha boti. Ukija kwa ndege utashuka Manda na kuvuka. Beba pasi mkononi, si chini ya begi, kwa sababu ya vizuizi barabarani, na uioneshe pia kwenye tiketi za makumbusho, kwani wakazi wa Afrika Mashariki wana kiwango chao. Agosti ni kusi, bahari ina mawimbi na boti hurusha maji, kwa hiyo karatasi zako zitie kwenye mfuko wa nailoni. Kanga mbili zitawatosha kwa stara kila mahali.

Nimemwacha binti yako mwisho kwa sababu ndiye niliyemfikiria zaidi. Usimpeleke kama msikilizaji. Utendi wa Mwana Kupona unafunguka na mama anayeumwa karibu mwaka mzima. Anamwita bintiye asogee, akae na wino na karatasi, maana ana neno moyoni. Bintiye alikuwa Mwana Hashima, msichana wa miaka kama 17. Baada ya mumewe kufariki, mama huyu alihamia Lamu, na wosia wake ukaenea mitaa hii hii mtakayopita.

Jioni ya mwisho, pale ukutani, mpe yeye karatasi. Asome beti za mwanzo, wewe usikilize. Atakwama kwenye ndoo na mbee, atauliza, atacheka. Akifika kwenye mafunzo ya kumtii mume atakunja uso, na huo ndio wakati wa kumwachia aseme anachofikiri, pasipo kumpa majibu ya mtihani. Wengine wanausoma utendi ule kama kamba ya kumfunga mwanamke. Mimi nasikia humo mama anayejua amebakiwa na siku chache, anayempa mwanawe silaha pekee zilizokuwapo katika nyumba ya zama zile, na nasikia fahari ya mwanamke aliyejua kuandika na aliyetaka lisomwe jina lake. Binti yako huenda akasikia jambo la tatu. Akilisema, liandike nyuma ya karatasi ile ile, na tarehe.